Katibu na Dua ya Kufunga Mkutano

Hakuna aliyejua Katibu alikuwa katibu wa nini. Kila kamati niliyopata kuisikia pale mtaani kwetu Waberi, mjini Garissa, ya maji, ya maziko, ya shule, ya kununua feni za msikiti, yeye alikuwa ndani yake, na sikuwahi kumwona ameshika kalamu. Alikuwa na ndevu za hina, shati jeupe lililopigwa pasi barabara, na koti ambalo hakulivua hata mwezi wa tatu, wakati kuku wa Garissa wanatembea wamepanua midomo kwa joto. Zamani alikuwa afisa wa mifugo huko Ijara. Alipostaafu akahamia mjini, akajipa kazi ya kuwahimiza watu wazima wajitolee kuongoza vijana. Kazi hiyo aliifanya kwa bidii ya ajabu, ila yeye mwenyewe hakujitolea hata Jumamosi moja.

Mimi ni fundi cherehani. Kwetu ni Hola, lakini mwaka wa ishirini sasa nashonea watu wa Garissa mapazia na madera, na sare za shule kila Januari. Katibu alinijua kwa kazi yangu, na jina langu sidhani kama alilishika. Aliniita Fundi, mimi nikamwita Katibu, tukaishi hivyo.

Sasa sikiliza alivyokuwa akiwakamata watu, maana huo ndio ulikuwa ufundi wake, na simnyimi haki yake. Katika mkutano wowote hakutaka kupangwa mwanzoni. Wengine wanagombania kufungua na kuzungumza mpaka mate yanakauka. Yeye alikaa nyuma, akanywa chai yake ya maziwa ya ngamia, akangoja aambiwe afunge kwa dua. Mikono yetu yote ikiwa imeinuliwa, macho yamefumbwa, tumbo linadai chakula cha mchana, utamsikia kwa Kiswahili chake cha Kisomali, p ikigeuka b na v ikigeuka f: "Ya Rabbi, tunakushukuru kwa mfua. Tunaomba uwabe afya wazee wetu. Na umbariki ndugu yetu mwenye duka la dawa, ambaye kuanzia Jumamosi hii ataongoza fijana wetu." Na watu wote, amin! Mwenye duka la dawa anafumbua macho, na mambo yamekwisha. Utaikataaje dua iliyoitikiwa na watu themanini, mama mkwe wako akiwa mstari wa pili?

Ndivyo alivyomkamata karani wa idara ya maji. Ndivyo alivyomkamata mfanyabiashara mmoja wa ngamia aliyekuwa amepita tu mkutanoni kutafuta mtu wa kumpa salamu, akatoka pale akiwa kiongozi wa vijana wa kukimbia mbio. Na mimi nilikamatwa hivyo hivyo, kwenye mkutano wa wazazi wa shule ya msingi, nilikokwenda kudai kitambaa changu cha sare. Nilikuwa na pini mdomoni, nilizotoka nazo kibandani kwangu. Nilizitema nipate kubisha, na amin zikawa zimeshapita.

Nilimfuata nje siku ile nikiwa nimewaka.

"Katibu, umeniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa, Fundi."

"Basi si jibu ndilo hilo!"

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka sana, na meno yake yalikuwa mazuri, jambo lililozidi kunikera. "Wallahi, Fundi, hii kazi si kubwa. Wewe keti tu, wasichana watakuja. Mama zao wanakujua wewe, umewashonea nguo ya harusi. Wakisikia Fundi ibo, watawafungulia mlango."

Hapo hakusema uongo. Wasichana wa mtaa wetu Jumamosi walikuwa hawatoki. Walikuwa ndani, wanafua, wanabeba watoto, wanachungulia dirishani. Walipoambiwa kuna mwanamke mzima wanayemjua anakaa nao uwanjani mwa shule toka saa mbili hadi adhuhuri, mama zao wakawaachia. Siku ya kwanza walikuja tisa. Mimi sikujua la kufanya nao, nikawafundisha kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza, tukacheza rede ya kukwepa mpira, tukarudi nyumbani. Ya pili wakaja ishirini na wanne. Najua Katibu alihesabu huo kuwa ushindi wake, kwa kuwa nilimsikia hotelini akiwasimulia watu jinsi "sisi" tulivyoanzisha kundi la wasichana.

Sisi! Yeye hata geti la ile shule hakuwahi kulipita siku ya Jumamosi.

Alikuwa na misemo, na misemo hiyo aliitoa na kuirudisha mfukoni kama tasbihi. Mmoja aliupenda kuliko yote, kwa sababu ya kazi yake ya zamani. "Mbuzi asiye na alama," alisema, "ni wa yule atakayemwona kwanza." Alimaanisha vijana. Alimaanisha kwamba kijana asiye na mtu mzima wa kwake atachukuliwa na mwenye kupita, na sisi tunaokaa huku tunawajua wapitao. Msemo ni wa kweli, na kila alipoutoa watu walitikisa vichwa, wakashusha pumzi, kisha wakaagiza chai nyingine.

Maana nisimseme yeye tu. Watu wazima wa mji huu ndio waliomfanya Katibu awe alivyo. Waulize kuhusu vijana, utapata hotuba: vijana wameharibika, hawasalimii, simu imewamaliza. Hotuba hiyo utapewa na mtu aliyekaa mkekani toka alasiri, shavu limevimba miraa, na hajui mwanawe mwenyewe yuko darasa la ngapi. Mwambie, haya baba, tunakuomba Jumamosi moja kwa mwezi. Atakwambia inshallah. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la wazazi, watu mia na kitu. Nikiandika, "Tunahitaji mtu wa kusaidia Jumamosi," napata vidole gumba hamsini na mikono ya dua isiyo na idadi. Jumamosi ikifika, niko peke yangu na rede yangu.

Katibu aliwajua hao kuliko mimi, na hapa kuna jambo ninalolazimika kulikiri japo linaniuma. Hakuwahi kumwombea dua mtu wa kidole gumba. Niliwahi kumuuliza kwa nini asimkamate mwenye lori la maji, mtu mkunjufu, anapenda utani, kila siku anasema anataka kusaidia. Katibu akatikisa kichwa. "Huyo anacheka," akasema. "Mwenye kucheka anakuahidi. Mwenye kununa ndiye anakuja." Nikawafikiria waliokamatwa: yule wa duka la dawa, ambaye hata akikuuzia dawa ya kikohozi hukuangalia kana kwamba umemkohoza yeye. Karani wa maji. Mfanyabiashara wa ngamia. Mimi. Wote watu wa kununa. Na wote, mpaka wakati ule, tulikuwa bado tunakuja. Nilikosa pa kuitupia hasira yangu, nikaenda nikamkaripia mwanafunzi wangu wa cherehani kwa mshono uliopinda.

Lakini niambie, mtu aliyejua yote haya alikuwaje na watoto? Aliwaogopa. Sikusikia kwa mtu, niliona kwa macho. Akiona kundi la watoto wa shule wanakuja upande wake, alivuka barabara, mzee mzima na bakora yake, akajifanya anaangalia bei ya tende. Mwezi mmoja wa joto kali aliwanunulia wasichana wangu maji ya chupa, katoni mbili, akazituma kwa bodaboda. Yeye alisimama kule ng'ambo ya barabara kwenye kivuli cha ukuta akihakikisha zimefika, nilipompungia mkono akageuka akaenda zake. Wasichana waliniuliza, "Eeddo, yule mzee ni nani?" Eeddo ni shangazi, ndivyo walivyoniita. Nikawaambia ni mtu wa kamati. Wakaridhika, kwa kuwa huku hakuna jibu lisilo na maana kuliko hilo, na bado watu hulikubali.

Kisha karani wa maji akahamishiwa Wajir.

Yeye ndiye aliyekuwa na wavulana wa pale shuleni; wa dawa na wa ngamia walikuwa na makundi yao kwingine. Sheria ya mwalimu mkuu ilikuwa moja, na soja wa getini aliishika vilivyo: wasichana waingie na mwanamke, wavulana na mwanamume, na jina la mtu mzima huyo liwe kwenye karatasi iliyopigwa muhuri. Hakuna jina, hakuna geti. Karani alipoondoka, wavulana thelathini na moja wakabaki nje. Jumamosi ya kwanza walikuja wakarudi. Ya pili pia. Baada ya mwezi nilianza kuwaona mahali pengine. Wawili walikuwa wanawatumikia watafuna miraa, wanawaletea maji na sigara. Mmoja, mtoto wa jirani yangu, mama yake aliniambia kuna watu asiowajua wanampigia mtoto simu, na akiulizwa ni nani anatoka nje kuipokea. Mama yule alinisimulia huku akishika pindo la dera nililokuwa nampima, hataki kuliachia. Nilishindwa kupima, nikamwambia arudi kesho.

Nikaenda kwa Katibu hotelini. "Wavulana hawana mtu," nikamwambia.

"Natafuta, Fundi. Bole bole."

"Miezi miwili, Katibu. Ingia wewe."

Akacheka, kama kawaida yake. "Mimi ni mtu wa kuleta watu."

"Wewe unawasukuma wenzako mtoni, mwenyewe uko ukingoni umevaa koti."

Wanaume wa meza ya pili waliacha kunywa. Katibu akaendelea kucheka, akaita mhudumu alipe. Nilirudi kibandani nimeazimia kumkomesha.

Mkutano wa wazazi ulipofika, Katibu alikuwa anaumwa jino. Shavu limevimba, amelifunga kitambaa, maneno hayatoki. Wakamwomba maalim wa madrasa afunge. Maalim ni mtu mnyofu, akiambiwa jambo na mtu mzima halichunguzi. Nikaandika kikaratasi, nikampa msichana mmoja akipeleke mbele. Niliandika: "Tafadhali usimsahau Katibu katika dua. Amekubali kuwaongoza wavulana wetu kuanzia Jumamosi hii." Uongo mtupu, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mikono ikainuka. Maalim akaomba mvua, akawaombea wagonjwa, akamwombea mwalimu mkuu. "Na umlipe kheri mzee wetu Katibu, aliyekubali kuwashika wavulana wetu kuanzia Jumamosi hii." Na sauti iliyoitikia kwa nguvu kuliko zote ilikuwa ya Katibu mwenyewe. Amiin! Mdomo ulikuwa umezoea. Nilimwona anafumbua macho, anaangalia kulia na kushoto, mkono unapanda kwenye shavu. Watu wakawa wanampa pongezi. Wanawake wa upande wetu walipiga vigelegele. Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani, na usiku ule nililala vizuri kuliko siku nyingi.

Jumamosi nilifika saa mbili kasorobo na wasichana wangu, tukaingia. Wavulana walikuwa wameshafika. Habari ilikuwa imewafikia wote thelathini na moja, na wengine walikuwa wamefua jezi walizopewa na karani. Walipanga mstari wenyewe nje ya geti. Soja aliangalia karatasi yake, akawaambia mtu wao hayumo wala hajafika, wangoje.

Wakangoja. Saa mbili na nusu. Saa tatu. Nilikuwa nachezesha rede lakini macho yangu yalikuwa kwenye uzio. Jua la Garissa saa tatu si la mchezo. Wadogo walianza kukaa chini mavumbini, wakubwa wakabaki wamesimama kwa sababu ya kujionyesha. Nilimwendea soja, nikamwomba awafungulie kwa jina langu.

"Wewe ni wa wasichana, mama," akasema. "Kazi yangu usiiharibu."

"Wataungua hapo nje."

"Kwani nani amewaita?"

Niliyewaita ni mimi. Nilijua Katibu hatakuja. Nilijua tangu nikiandika kile kikaratasi, na ndiyo maana nilikiandika, ili asije na mji mzima umwone. Wavulana sikuwafikiria hata kidogo. Niliwatumia vile vile nilivyomlaumu yeye kuwatumia watu, tena mimi niliongeza uongo. Niliona haya.

Saa nne kasoro, yuleee, akatokea kwenye kona ya ukuta, koti mwilini, bakora mkononi. Alitembea kama mtu anayekwenda kuchomwa sindano. Nikatoka nje ya geti haraka kabla hajabadili nia.

Hakunisalimu. "Fundi, ile karatasi ya maalim ni yako."

"Ni yangu."

"Ulitaka aibu ibate mimi. Imebata hawa." Akawaelekezea bakora. Nilitazama chini. Ni kweli, na nilichukia kuisikia kwake.

Nikamwuliza kwa nini hakuja saa mbili basi, kama anawahurumia hivyo. Akaniambia kwa sauti ya chini, wavulana wasisikie, kwamba kule Ijara aliwahi kuwa na kundi. Wavulana wa wafugaji, kila Ijumaa baada ya swala, anawafundisha kusoma. Ijumaa moja alikuwa na safari, akawaambia inshallah wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na harusi. Aliporudi baada ya mwezi aliambiwa waliendelea kuja kumngoja kisimani Ijumaa tatu, halafu wakatawanyika, na wengine hawakuonekana tena upande ule.

"Mimi ni mtu wa kucheka, Fundi," akasema. "Nakuambia ukweli. Wewe, watoto wakisimama juani tumbo yako inauma. Mimi naweza kulala. Ndiyo nilikuombea wewe, sikujiombea mimi."

Kama alitegemea nimhurumie, alikosea mlango. Nilimwambia hiyo si sababu, hicho ni kisingizio kilichovaa koti. Nikamwambia wavulana wako pale, na kwamba walau awasalimie, maana hata mbwa akingoja masaa mawili husemeshwa.

Akawageukia. Nao wakainuka wote, wakapangusa vumbi, wakamkodolea macho. Katibu wa kamati zote, mfunga mikutano, akafanya kile ambacho mwanamume yeyote wa huku hufanya akikosa la kumwambia mtoto. Akamwelekea wa kwanza. "Wewe mtoto ya nani?"

Mvulana akataja jina lake, la baba, la babu, akapanda hivyo mpaka majina saba, haraka haraka, kama wanavyofundishwa nyumbani.

"Ngoja," Katibu akasema. "Habo umeruka mmoja. Babu yako Hassan hakuzaliwa na Warsame. Kuna Guhad katikati. Mimi nimechanja ngamia zake."

"Haiya!" mvulana akasema. "Ulimjua?"

"Nilimjua? Alinifukuza na fimbo!"

Wakacheka. Wakasogea. Wa pili akataja wake, wa tatu akasukuma wa nne, na kila mmoja Katibu alikuwa na jambo la babu yake: huyu alikuwa mbishi, huyu alikuwa na ngamia mweupe, huyu alitembea toka Kotile mpaka hapa kwa miguu kwa ajili ya kesi ya mbuzi mmoja. Hakuwa akicheka yale macheko yake ya hotelini. Alikuwa akibishana, kidole juu, jasho linatiririka ndani ya koti. Wakahamia kwenye kivuli cha ukuta bila mtu kuwaambia. Wasichana wangu waliacha rede wakaja kusikiliza kwenye waya wa uzio.

Akafika kwa mtoto wa askari polisi, watu wa Kitui. Huyo alisema jina lake, akasema la baba, akakwama. Wenzake wakaanza kumcheka.

"Nyamazeni," Katibu akasema. "Na babu?"

"Sijui."

"Leo muulize baba yako. Na baba ya babu. Jumamosi uniletee."

Nadhani hilo la Jumamosi lilimtoka tu, kama ile amin. Mvulana alimtazama vizuri.

"Kwani Jumamosi utakuja?"

"Inshallah."

"Mzee, hiyo inshallah ni ya ndio ama ni ile ya hapana?"

Katibu akanitazama mimi. Niliangalia pembeni, maana siku hiyo nilikuwa nimeshasema ya kutosha kwa niaba ya watu.

"Ya ndio," akasema.

Mimi sikumwamini. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu kutafuta karatasi ya jina lake, nikapigiwa muhuri, lakini nilifanya kwa ajili ya wavulana, na moyoni nilikuwa nimeshapanga ni nani nitakayemwangukia miguuni iwapo Katibu hatakuja. Jumamosi iliyofuata nilitoka nyumbani alfajiri, wasichana bado hawajaamka, ili wavulana wasinitangulie na wasikute geti tupu.

Nilimkuta peke yake. Amesimama mbele ya geti lililofungwa, koti amelivua ameliweka begani, na soja ndani anamwambia kwa mara sijui ya ngapi kwamba hana jina lake, asubiri. Hakuniona. Karatasi ya jina lake ilikuwa mkobani mwangu. Nilisimama ng'ambo ya barabara, pale pale aliposimama yeye siku ya maji ya chupa, nikamwacha angoje kidogo.